Siku Sita Bila Sindano

Gozbert alikuwa na mkono mwepesi na kinyongo kizito. Mkono, usiseme: alikuwa akikuchoma sindano huku anakuuliza habari za nyumbani, ukija kushtuka ameshakubandika pamba. Lakini ole wako umwambie neno la kumkera. Hakujibu, hakugomba, alinuna tu. Na akinuna Gozbert, jamani, alinuna kazi kweli kweli, mwezi mzima.

Huyu alikuwa mtu wa Bukoba, dresa, yaani msaidizi wa kuchoma sindano na kufunga vidonda, katika zahanati ndogo ya Daktari Marselino, Mgoa mmoja aliyefungua pale Temeke mwaka ule wa hamsini na tano, wakati nusu ya mtaa ilikuwa bado mihogo. Daktari aliandika dawa, Gozbert akachoma. Wagonjwa wenyewe walikuwa hawajali nani daktari nani dresa. Aliyeshika sindano ndiye mkubwa.

Miongoni mwa wagonjwa alikuwamo Rubab, mke wa Remtulla mwenye duka la nguo pale kona. Maskini Rubab! Kwa miaka miwili ngozi yake ilikuwa nyekundu kuanzia utosini hadi nyayoni, inawasha, inababuka magamba. Kila asubuhi shuka lake lilikung'utwa uani. Watu wakanong'ona ukoma, kama ilivyo kawaida ya watu wasiojua kitu. Hata msikitini kwao, wanawake wenzake walimwachia nafasi kwenye mkeka ya kutosha watu wawili. Haukuwa ukoma wala haukuambukiza, ila nani wa kumwambia nani?

Daktari Marselino akamwanzishia kotizoni, dawa mpya, sindano moja kila asubuhi. Wiki mbili hazijaisha, mwanamke kapoa! Alilala usiku kucha bila kujikuna. Mwezi wa tatu ngozi yake ilikuwa laini, na uso ukajaa, ukawa mviringo. Wale wale wa kwenye mkeka sasa walimsogelea wakimshika mashavu. "Mashallah, Rubab, umenawiri! Afya hiyo!" Kumbe lile lilikuwa shavu la dawa, wala halikuwa la afya. Wahenga hawakukosea waliposema mwenye kovu usidhani kapoa.

Daktari alilijua hilo. Siku aliyosafiri kwenda Tabora kumzika dada yake, alimwita Gozbert pembeni. "Yule mke wa Remtulla, sindano yake isikose hata siku moja. Mwili umezoea kuletewa dawa, umesahau kujitengenezea ya kwake. Ukimkatia ghafla anaweza kufa. Nitaanza kumpunguzia mwenyewe, kidogo kidogo, nikirudi."

"Nimeelewa, daktari," Gozbert akasema. Na alielewa kweli.

Basi Ramadhani ikakaribia. Miaka miwili Rubab alikuwa hafungi, ana udhuru wa ugonjwa, na miaka miwili mama mkwe wake, Bi Sakinabai, alikuwa akimpitia jikoni mchana akiwa anakula, bila kumwambia kitu. Kukaa kimya kwa mkwe, mwenye kuolewa anakujua. Mwaka huu bibi alimtazama yale mashavu akasema, "Alhamdulillah, sasa tutafunga sote." Rubab angesema nini?

Siku moja kabla ya kufunga alikuja zahanati, akachomwa, akashusha mkono wa gauni lake. "Gozbert, mie kuanzia kesho siji. Sindano inabatilisha saumu."

"Mama, daktari amesema dawa hii haiachwi."

"Ni mwezi mmoja tu."

"Mwezi mmoja ni mwingi, mama. Hata siku chache..."

"Wewe unajua nini?" Rubab akamkata. Alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu huwa mkali. "Nyie Kwaresima yenu mnakula mchana, maji mnakunywa, halafu eti mmefunga! Utanifundisha mie kufunga?"

Kwenye benchi walikuwa wamekaa wanawake watatu wakingoja zamu. Wakacheka, na mmoja akapiga na makofi.

Gozbert akahisi masikio yanamwaka. Alikuwa na la kusema, liko ulimini: ukiacha utakufa. Maneno mawili tu. Badala yake akaifunga kadi ya Rubab.

"Shauri yako, mama," akasema. Akaita mgonjwa mwingine.

Siku ya kwanza alimngoja, hakutokea. Siku ya pili akawaza kumfuata nyumbani baada ya futari, amchome huko huko, kwani jua likishatua kuna tatizo gani? Lakini dresa wa watu aende kubisha hodi kwa mke wa mtu magharibi, mume yuko msikitini? Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Ile nyingine, ya kwamba alitaka aje mwenyewe amwombe radhi, hakuitazama. Siku ya tatu alipita mbele ya duka, Remtulla akamsalimu vizuri, naye akaitikia akapita. Hasira hasara, lakini hasara hii haikuwa ya kwake, ndiyo maana aliweza kuivumilia.

Siku ya sita alikuja Tunu, mwanamke aliyekuwa akiwafulia akina Remtulla, kidole kimemvimba. "Yule mama kababuka tena," akasema huku Gozbert anamfunga kitambaa. "Zaidi ya zamani. Nikikung'uta shuka ngozi inamwagika kama pumba. Na leo hata hajainuka, anatapika tu, anaongea ovyo."

Kitambaa kikamponyoka Gozbert. Alichemsha sindano, akachukua vichupa viwili vya kotizoni, akatoka mbio mchana ule wa saa nane, zahanati wazi, Tunu na kidole chake nusu kimefungwa.

Rubab alikuwa amelala kitandani, mwekundu mwili mzima, midomo imepasuka. Gozbert akamshika mkono: wa baridi. Mapigo ya mshipa aliyatafuta mpaka akakata tamaa, ndipo akayapata, membamba, yanakimbia. Remtulla alikuwa amesimama hajui mikono yake aiweke wapi.

"Lazima nimchome sasa hivi. Na anywe maji ya chumvi."

Rubab akafumbua macho. "Bado jua," akasema, akauvuta mkono wake.

"Mama, utakufa!"

"Nitakufa nimefunga."

Remtulla akasema atafute gari, amfuate maulana mjini, yeye atatoa ruhusa. Kwenda na kurudi, saa nzima, pengine mbili. Gozbert akataka kulia. Angemwambia nini mwanamke huyu, yeye ambaye hafungi?

Mlangoni alikuwa amesimama Bi Sakinabai, tasbihi mkononi. Bibi huyu alizaliwa Bagamoyo, Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka na mgongo wake pia. "Asipochomwa?" akauliza.

"Magharibi haitamkuta, bibi."

"Akichomwa?"

"Pengine atapona. Sitakudanganya. Pengine."

Bibi akaenda kwenye mtungi. Akachota maji kwa kata, akarudi akasimama pale ambapo mkwewe angemwona, akanywa. Akanywa yote, maji yanamchuruzika kidevuni mpaka kwenye nguo.

"Ma!" Remtulla akapiga kelele.

"Nyamaza. Rubab, mwanangu, nitazame. Nimefungua makusudi, mchana kweupe, mzima wa afya. Wewe ni mgonjwa, Mungu mwenyewe kakuruhusu, ila mimi ndiye sikukuruhusu. Basi siku sitini za kafara nitazifunga mimi, na kama nikifa kabla, watoto wangu watalisha masikini sitini. Leo mwenye dhambi humu ndani ni mimi. Toa mkono."

Rubab akalia bila machozi, mwili haukuwa na maji ya kutosha. Akautoa mkono.

Gozbert akachoma. Kisha wakamnywesha kijiko kwa kijiko, akatapika, wakaanza upya. Remtulla akaondoka kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Ilipokaribia saa kumi na moja maji yakawa yanakaa tumboni, na mshipa wa mkono Gozbert akaupata bila kuutafuta. Rubab akaomba mto wa pili.

Bi Sakinabai akamwekea Gozbert mkono begani. "Mungu akulipe, mwanangu," akasema. "Usingekuja, leo tungekuwa tunaosha maiti."

Gozbert akaanza kuifuta sindano yake.

"Gozbert," Rubab akaita. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini akili zimemrudia. "Siku ile ulisema dawa haiachwi. Ulijua kwamba nitakufa?"

Angeweza kusema kwamba Rubab ndiye aliyemkatiza. Angeweza kusema kwamba alijaribu, na wale wa kwenye benchi wangekuwa mashahidi. Vyote vilimjia, na vyote vilikuwa kweli nusu.

"Nilijua," akasema. "Daktari alikuwa ameniambia. Nilikasirika."

Nje lilisikika gari la Remtulla likisimama. Bi Sakinabai akauondoa mkono wake begani kwa Gozbert, akaenda kumvisha mkwewe viatu.