Kwa Hiari Yake Mwenyewe

Makabati yalikuwa kumi na tano, wachezaji wa mpira wa kikapu kumi na wanane. Marlee Stidham alihesabu majina milangoni asubuhi ile ya Aprili, akayahesabu tena, huku akivaa soksi kwa mkono mmoja na mwingine ukishika ukuta. Goti la kushoto lilikuwa bado halikunjiki vizuri. Wenzake, ambao kila siku waliimba wakibadilisha nguo, leo walifunga kamba za viatu kimya kama watu wanaokwenda mazikoni.

Wote walijua. Mwaka ule wa maradhi ya korona, wakubwa wa michezo ya vyuo waliwaongezea wachezaji wote mwaka mmoja wa kucheza. Waliopaswa kuondoka hawakuondoka. Mwanzoni hawakuhesabiwa kwenye idadi ya timu, sasa wanahesabiwa. Na wasichana watatu wapya, waliofikisha hao kumi na wanane, walikuwa wameshaahidiwa nafasi; watatu wa zamani ilibidi watoke.

"Roxie, wewe unabaki?" Marlee aliuliza.

Roxanne Teague alikuwa na miaka ishirini na minne, mume, na mwaka wa sita chuoni. Alikwepa macho yake. "Nimeambiwa nibaki. Usinichukie, mdogo wangu. Nikitoka hapa narudi kukatakata kuku kiwandani."

Saa nne Marlee aliitwa ofisini. Kocha Vandiver alimsogezea kiti mwenyewe.

"Baba hajambo? Kifua chake?"

"Vilevile. Vumbi la makaa ya mgodini halitoki."

"Mwambie namwombea." Kocha akaweka karatasi mezani. "Haya, mwanangu. Kijikaratasi tu hiki."

Karatasi ilisema kwamba Marlee, kwa hiari yake mwenyewe, ameomba kuiacha timu na ufadhili wake wa masomo ili atafute chuo kingine.

"Mimi sijaomba kuondoka, Kocha."

"Najua."

"Uliahidi miaka minne. Jikoni kwetu, mbele ya Mama. Ulikula maharage yetu na mkate wa mahindi, ukaongeza."

"Na yalikuwa matamu. Sheria wamebadilisha wao, si mimi. Ukisaini, nitakupigia debe kwa makocha ninaowafahamu. Usiposaini..." Akainua mabega. "Wataniuliza habari zako, nami si mtu wa kusema uongo. Niseme nini? Kwamba u mkaidi? Kwamba goti halijapona?"

"Goti niliumia nikikuchezea wewe."

"Ndiyo maana nakuonea huruma. Una mpaka saa sita."

Marlee alimpigia mama yake, aliyekuwa zamu kwenye nyumba ya wazee. Mama alinong'ona, simu ilikatazwa kazini.

"Usitie saini. Umenisikia? Usitie!"

"Nisipotia, nani atanichukua, Mama?"

Nyuma ya Mama, kikongwe mmoja alikuwa akiita, anataka kupelekwa chooni. "Ngoja nimnyanyue huyu bibi, nitakupigia."

Marlee alisubiri kwenye korido, simu kiganjani. Alifungua orodha ya wachezaji wanaotafuta vyuo, akateremka nayo mpaka kidole kikachoka. Mamia kwa mamia, wengi wao wanawake wazima wenye mwaka wa ziada na magoti mazima. Mama hakupiga.

Saa sita kasoro tano alirudi. Kocha hakuwepo. Karani alimwonyesha mahali kwa ncha ya ukucha.

"Hapa. Na hapa. Usisahau tarehe, mpenzi."

Saa nane alikwenda chumba cha matibabu kama kila siku. Odell, mtaalamu wa viungo aliyemshughulikia tangu apasuliwe, alimfunga goti kwa mfuko wa mashine inayozungusha maji ya barafu, akaiweka dakika ishirini. Roxanne alikuwa mlangoni, anangoja zamu yake.

Kompyuta ya Odell ililia. Alisoma. Akasoma tena, midomo ikicheza.

"Marlee, jina lako halipo."

"Zimebaki dakika kumi na mbili, Odell."

"Siruhusiwi kumgusa mtu asiye kwenye orodha. Wataniondoa kazini."

"Kumi na mbili tu."

Odell alipiga magoti, akaanza kufungua mikanda, mmoja mmoja, taratibu, kama anayemvua mtoto aliyelala. Hakuinua uso. Marlee aliteremka, mguu umenyooka, akashika ukingo wa kitanda kingine.

Roxanne alipanda palepale penye joto lake, akafumba macho. Odell akaufuta mfuko kwa kitambaa, akamfunga.

Hakuna aliyeizima mashine. Ilikuwa imefika dakika ya kumi na moja kati ya ishirini, ikaendelea kuhesabu.