Gundi ya Mchele wa Mama Justa

Panya wa karakana ya uchapaji ya misheni hawakuwa na adabu hata chembe. Kitabu cha mwanafunzi Hilari kilikuwepo, kimebandikwa kwa gundi ya kopo, na kalenda za mapadri zilijaa kabati zima. La! Wakaenda moja kwa moja kwenye nakala thelathini za kitabu cha mwenzake Tekla, wakatafuna migongo yote, wakaacha kurasa zimetapakaa sakafuni.

Tekla alipofungua mlango asubuhi ile, alianza kuziokota. Kesho yake mgeni kutoka matbaa kubwa ya kusini angefika Ifakara kuchagua mwanafunzi mmoja wa kwenda kuendelea na kazi huko. Mmoja tu! Mwaka mzima huo wa 1956 mwalimu Sebastiani alikuwa amewafundisha kupanga herufi za risasi na kuendesha mashine kwa mguu, kisha akawapa jaribio: kila mtu atengeneze kitabu ambacho hakijapata kuchapwa popote. Tekla alichapa nyimbo za kufukuzia ndege shambani, zile anazoimba mama yake, Justa, kule Lumemo mpunga unapoanza kuiva. Hakuwahi kuipenda kazi namna ile.

"Gundi ya kopo ilipokwisha nilikwambia upike ya mchele," mwalimu alisema, akigeuzageuza kitabu kilicholiwa. "Na mrututu wa kuzuia panya nilikupa. Uko wapi?"

Tekla akatoa kifurushi mfukoni. Kilikuwa hakijafunguliwa.

"Nilishindwa, mwalimu. Mwaka wa njaa mama alikuwa anaokota mchele punje moja moja mavumbini. Leo nitie sumu kwenye chungu cha wali? Mkono ulikataa."

Hilari akaangua kicheko. "Kumbe umewapikia panya karamu!" Lakini alipoyaona machozi ya mwenzake akainama kumsaidia kuokota kurasa.

Mwalimu hakugomba. Alisema maandishi yenyewe ni mazima. Yakibandikwa leo, kesho yatakuwa yamekauka. Ila bila mrututu, asijisumbue.

Mchele ulikuwa kwa mama tu. Tekla alikwenda mbio, na njia nzima alitafuta uongo wa kumwambia. Hakuupata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

Akaeleza yote, mpaka ile sumu. Mama Justa akaacha kupepeta, ungo ukabaki magotini. Uso ulimkunjamana, na Tekla akajua safari ya kusini ndiyo basi tena.

"Hicho kitabu kina nini ndani?"

"Nyimbo zako za ndege. Siku zile nilikuomba uniimbie, sikukwambia za nini."

"Zangu mimi?"

"Zako zote. Na jina lako liko mbele."

Mama Justa, ambaye hakujua kusoma hata herufi moja, aliinuka, akachota mchele bakuli zima, akabeba chungu na kutangulia njiani bila kumsubiri mtu. Alipika mwenyewe nyuma ya karakana mpaka wali ukarojeka. Ilipofika zamu ya mrututu, Tekla alikishika tu kifurushi bila kukifungua.

"Lete hapa!" Mama akamnyang'anya, akamimina wote, huku machozi yanamtoka. "Mungu anisamehe. Nimefukuza ndege miaka yote hiyo, leo panya ndio wanishinde?"

Wakabandika wote wanne, mwalimu na Hilari nao wakiwemo. Kisha mama akakivunja kile chungu, akakifukia mbali, asije mtu akakipikia.

Kesho yake mgeni, mzee mmoja mpole, alivuta kurasa za Tekla kwa nguvu. Hazikuachia. Akapeleka kidole mdomoni ili afunue nyingine.

"Usilambe, baba!" Mama Justa akapiga kelele kutoka mlangoni.

Watu wote wakashtuka. Tekla akaeleza habari ya panya na ya sumu, akijua amejiharibia. Mgeni akafuta kidole kwenye suruali taratibu, akafungua ukurasa, akasoma wimbo mmoja kwa sauti, tangu mwanzo.

Mama Justa akayasikia maneno yake mwenyewe yakitoka kinywani mwa mtu asiyewahi kukanyaga shamba lake. Akaketi kizingitini, akaanza kuitikia.

"Huyu nitakwenda naye," mgeni alimwambia mwalimu, akimwelekezea Tekla kidole.

Mama hakusikia. Alikuwa bado anaitikia.