Kizingiti cha Kizimba cha Tisa

Boti ya Noreen Haigh ilikwama juu ya kizingiti saa nne asubuhi, na aliyemwambia arudi nyuma ni Selwyn Garside, mwenye boti mwenzake.

Kizimba ni chumba cha maji mferejini, chenye lango la juu na lango la chini, cha kupandishia na kushushia boti; kizingiti ni lile tuta la zege linalochomoza ndani chini ya lango la juu. Kizimba kikijaa huoni kitu. Maji yakishushwa, tezi, yaani nyuma ya boti, ikiwa juu yake inabaki pale, omo, yaani mbele, inaendelea kushuka, na boti inakunywa maji. Ndiyo maana ukutani huchorwa mstari mweupe kukuonyesha usikae nyuma ya hapo. Kizimba cha tisa mstari wake ulifutika miaka mitatu iliyopita.

Ila wenye boti wa mfereji ule walichoogopa ni chuma. Bamba la lango la chini lilibanduka likachomoza, likanasa boti mbili. Kila mtu akajifunza kukaa nalo mbali na kumkumbusha mwenzake.

"Rudi kidogo, bibie!" Selwyn alipaza sauti kutoka ukingoni. "Chuma hicho!"

"Nimesharudi! Unataka nirudi mpaka Leeds?"

"Kidogo tena. Haya, hapo hapo."

"Ungeiongoza yako hivyo, usingegonga daraja kila wiki."

Selwyn alicheka, akazungusha na kuinua vilango vyote viwili vya chini, vile vidogo vya kupitishia maji langoni. Maji yakaanza kutoka. Alikuwa anatazama chuma, na Noreen naye anatazama chuma.

Birika likaporomoka jikoni mwa boti.

"Selwyn," Noreen alisema bila kupandisha sauti. "Huku nyuma hatushuki. Funga."

Selwyn aliangusha kilango kimoja, akavuka juu ya lango mbio, akaangusha cha pili. Omo ilikuwa imeshazama hadi mlangoni. Sasa ilibidi kizimba kijazwe tena kutoka juu. Kilango cha juu cha kushoto kilikuwa na mnyororo na utepe wa njano tangu Machi, na kibandiko: kinasubiri fedha. Akakamata cha kulia. Kilikuwa kizito kama dhambi.

"Toka humo, Noreen! Shika ngazi!"

"Nyumba niliuza, mzee. Hapa ndipo ninapolala. Wewe zungusha."

Akazungusha. Maji yalipanda polepole mno. Kwa dakika kumi na nne Noreen alisimama kwenye ile tezi iliyoinuka, ameshika mpini wa usukani, anatazama maji yakiingia chumbani kwake. Kisha chuma cha usukani kikakwaruza kizingiti, boti ikajitingisha, ikalala sawa.

Walikaa juu ya boriti ya lango.

"Mimi ndiye niliyekwambia urudi."

"Nilikusikia. Na mimi ningekwambia hivyo hivyo. Kachemshe chai."

"Birika lako limo majini."

"Kwani lako halichemshi?"

Mchana mhandisi wa shirika la mfereji alikuja, mama mmoja aitwaye Ruksana Mirza. Alipiga picha kila kitu.

"Kizimba hiki nimekiripoti mara nne," Selwyn alisema. "Ada mmepandisha mara mbili. Inakwenda wapi?"

"Kwenye ukingo uliopasuka kule juu ya kijiji. Ukibomoka, nyumba arobaini zinaingia maji. Serikali imepunguza fungu. Ungekuwa mimi, ungeanza na kipi?"

Selwyn alitaka kumtukana, lakini akaelekeza kidole ukutani.

"Ningeanza na mstari," alisema. "Mstari ni rangi tu."

Mama yule aliandika, hakubisha.

Wiki ile walipaka mstari: kopo moja la rangi, saa mbili za mtu mmoja. Bamba lilirudishwa kwa boliti nne. Kilango cha kushoto bado kina utepe. Kwa Noreen, usukani uliopinda ulikula pauni mia sita na arobaini, betri na sakafu elfu moja na mia mbili, na bima ikalipa nusu. Godoro, vitabu na picha zote za mumewe isipokuwa tatu vilitupwa. Na kwa siku kumi na moja, mpaka mbao zilipokauka, alilala kwenye kitanda cha Selwyn, na Selwyn akalala kwenye benchi.