Kapiteni Astère Achambua Filamu

Mwaka ule wa vikwazo, darasa la Mwalimu Térence lilikuwa na filamu moja tu. Mwalimu alikuwa amerudi kutoka masomoni Ulaya na kanda hiyo moja mkobani, sanduku la kanda nyingine hamsini likimfuata kwa meli. Halafu nchi jirani zikafunga mipaka, sanduku likakwama bandarini, na wanafunzi tisa waliojiandikisha kujifunza kuchambua filamu fupi wakajikuta wanachambua filamu fupi moja, kila Alhamisi saa nane mchana, miezi saba mfululizo.

Filamu yenyewe ilikuwa ya dakika tisa, haina rangi wala maneno. Mtu mwenye kofia anatoka nyumbani kwake amebeba kabati la nguo mgongoni. Anapita mitaani, anavuka daraja, anafika kwenye nyumba fulani na kubisha hodi. Hakuna anayefungua. Anabisha tena. Mwishowe analitua kabati mbele ya mlango, anaingia ndani yake na kujifungia. Imeisha.

Walisomea chumba cha juu cha duka la vitenge la Mama Mwantum, kule mtaa wa Asiatique, kwa sababu Mama Mwantum ndiye aliyekuwa na televisheni na mashine ya kanda. Walikalia marobota ya vitambaa. Mwalimu Térence alisimama kando ya televisheni na rula mkononi, akawafundisha kuikata filamu katika vipande. Kila kipande, tangu kamera iwashwe hadi picha ikatwe, kwa Kifaransa kinaitwa plan, neno lilelile la mpango. Filamu ile ilikuwa na plan arobaini na moja. Kuhusu maana yake Mwalimu hakuwa na shaka.

"Ni upweke," alisema kila Alhamisi. "Ndani ya ile nyumba akuna mutu. Ndiyo yote."

Aliyeandika kwa bidii kuliko wote alikuwa Léocadie, msichana wa mtaa wa Jabe mwenye miaka ishirini na miwili, mwanafunzi wa lugha ambaye masomo yake mengine yalikuwa yakianza na kusimama kufuatana na hali ya mji. Filamu ile haikusimama. Alikwisha kuitazama mara ishirini na tatu. Akifumba macho alimwona mtu wa kabati waziwazi kuliko alivyowaona wajomba zake.

Wiki mbili kabla ya mtihani alikuwa akirudi nyumbani kutoka darasani kwa miguu, askari wa bariyeri, kizuizi cha barabarani, wakamsimamisha. Mmoja akaupekua mfuko wake, akatoa daftari na kulifungua katikati. Akasoma kwa sauti, polepole:

"Plan kumi na saba. Mtu anavuka daraja peke yake. Tunamwona kutoka juu. Hajui kama anatazamwa. Sekunde kumi na mbili."

Akafunua ukurasa mwingine.

"Plan thelathini na nne. Mlango. Anabisha. Hakuna anayefungua."

Akamtazama Léocadie kuanzia kandambili hadi nywele.

"We dada, iyi ni plan ya nini?"

"Ya filamu."

"Iko plan ngapi?"

"Arobaini na moja."

Askari akamwita mwenzake. Mwenzake akalipima daftari mkononi kama anayenunua nyama, akasema hata wakubwa wao hawakuwa na plan arobaini na moja.

Wakampeleka kwa kapiteni wao, kwenye nyumba iliyokuwa nyuma ya bariyeri. Jina lake lilikuwa Astère, mtu wa miaka arobaini hivi, miwani yake imefungwa plasta upande mmoja. Alisoma daftari lote tangu mwanzo, akilowesha kidole kila anapofunua. Léocadie alihesabu kurasa zilizobaki. Alijua watu walioingia nyumba kama ile kwa sababu ya karatasi ndogo kuliko daftari lake.

"Nani alikuwa kule juu ya daraja?" Kapiteni aliuliza hatimaye.

"Kamera, Kapiteni."

"Kamera iko na miguu?"

"Apana."

"Basi nani aliipandisha?"

Léocadie akafikiri. Miezi saba hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo.

"Sijui jina lake," alisema.

Kapiteni akaandika: hajui jina. Kisha akarudi kwenye ukurasa wa daraja.

"Na bariyeri iko wapi?"

"Akuna bariyeri pale."

"Mutu anavuka daraja na kabati mugongoni, akuna mutu anamuuliza iko nini ndani?"

"Akuna."

"Iyo filamu ni ya uongo," Kapiteni alisema, na ilionekana imemuudhi kweli. "Na hapa, plan ishirini na mbili, kabati limelalia bega la kushoto. Ishirini na tatu, limelalia la kulia. Hapo katikati alifanya nini?"

"Hakufanya kitu. Picha imekatwa."

"Nani alikata?"

Hapo Léocadie, pamoja na woga wake wote, alishindwa kunyamaza. Akaomba karatasi, akachora miraba miwili, akaeleza jinsi anayetengeneza filamu anavyoruka muda usio na faida ili mtazamaji aujaze mwenyewe kichwani. Kapiteni alisikiliza mkono ukiwa shavuni. Léocadie alipomaliza, Kapiteni alisema yote hayo yanawezekana, lakini yeye hawezi kuamini maneno bila kuona ushahidi.

Petroli haikuwepo, kwa hiyo wakaenda Asiatique kwa miguu: Kapiteni mbele, Léocadie nyuma yake, na askari wawili mwishoni, mmoja amebeba daftari kwa mikono miwili kama trei ya mayai. Watu waliwapisha njia. Mwanamke mmoja aliyemfahamu Léocadie kutoka sokoni Jabe aliinamisha kichwa na kuanza kupanga upya nyanya zilizokuwa zimepangwa tayari.

Mama Mwantum aliwapokea mlangoni.

"Karibu, Kapiteni. Viatu vinabaki chini. Huko juu iko bitenge."

Kapiteni akataka kusema neno, akautazama uso wa Mama Mwantum, akainama kufungua kamba. Askari wake nao wakavua mabuti. Wakapanda ngazi kwa soksi, bunduki mabegani.

Mwalimu Térence alikuwa bado yuko juu, anafuta kanda vumbi. Alipowaona alikaa chini bila kutafuta pa kukalia. Léocadie akamweleza kwa maneno machache. Mwalimu akasema ndiyo, ndiyo, akawasha mashine.

Wakaitazama filamu. Kapiteni alikalia robota la vitenge vya njano, magoti yakiwa pamoja. Mtu wa kofia alipovuka daraja, askari mmoja aliguna. Alipoingia ndani ya kabati, hakuna aliyecheka.

"Rudisha," Kapiteni alisema.

Wakaitazama tena. Mara ya tatu Kapiteni akanyanyua mkono.

"Hapo. Pazia limetikisika."

"Pazia gani?" Mwalimu aliuliza.

"Dirisha la kushoto. Iko mutu ndani."

Mwalimu akarudisha kanda. Kwenye plan thelathini na nne, mtu wa kofia akiwa amegeuzia kamera mgongo na ngumi mlangoni, ukingo wa pazia la dirisha la kushoto ulijongea upana wa kidole, ukarudi. Walirudia mara saba. Mara zote saba ulijongea.

"Ni upepo," Mwalimu Térence alisema. Sauti yake ilikuwa imepata nguvu kidogo, kwa kuwa jambo hili lilimgusa. "Nafundisha filamu iyi tangu mwaka jana, Kapiteni. Ni upepo."

"Upepo unasukuma pazia lote. Hapa mutu ameshika pembeni, amechungulia, ameacha."

"Kapiteni amejuaje?" Léocadie aliuliza.

Kapiteni Astère alizitazama soksi zake.

"Mi nimebisha milango mingi," alisema.

Léocadie aliogopa, na pamoja na woga huo akahisi jambo aliloona haya hata kulifikiria, wivu. Mara ishirini na tatu alilitazama dirisha lile. Na yeye hakuwa mgeni wa mapazia. Miaka minne sasa, tangu vita vianze, mtu akibisha nyumbani kwao, mama yake alivuta pazia kwa kidole kimoja hivyohivyo, na wote ndani walibana pumzi. Alijua mchezo ule kwa upande wa ndani, kama Kapiteni alivyoujua kwa upande wa nje, na hakuuona.

Kapiteni akaandika karatasi palepale, akaitia muhuri aliokuwa nao mfukoni. Ilisema kwamba mwenye daftari ameachiliwa, kwamba plan zake arobaini na moja hazina hatari, na kwamba ndani ya nyumba kuna mtu mmoja au zaidi. Mwalimu Térence alipewa nakala. Akaisoma, akasema kwamba kwa heshima zote jeshi haliwezi kubadilisha maana ya filamu. Kapiteni akamuuliza masomo ni siku gani.

Alhamisi iliyofuata alikuja, soksi zake zikiwa safi. Alikaa mbele. Wanafunzi wengine wanane walisahau ghafla kila walichokijua, ikawa somo lote ni yeye, Mwalimu na Léocadie wakibishana juu ya upepo. Alhamisi ya pili alifanya mtihani pamoja nao, na akaomba dakika tano za ziada kwa sababu ya miwani.

Matokeo yakatoka. Kapiteni Astère alipata kumi na nne juu ya ishirini, akawa wa kwanza. Léocadie alipata kumi na tatu. Aliandika kwamba mtu wa ndani hakufungua kwa kuwa hakuweza kumjua anayebisha, na kwamba kabati kubwa vile lingeweza kumtisha yeyote. Pembeni Mwalimu alikuwa ameandika neno moja: Ushahidi?

Léocadie aliteremka ngazi akiwa amefura. Kapiteni alikuwa ameketi kwenye ngazi ya chini anafunga mabuti. Akaomba kuisoma karatasi yake, akaisoma yote, akilowesha kidole ingawa ilikuwa ukurasa mmoja.

"Yako ni nzuri kuliko yangu," alisema. "Mi niliandika kwamba ule mutu alikosa kusema jina lake. Angelisema, wangefungua."

"Labda ni kweli, Kapiteni."

"Apana. Mi nilikuwa nasema jina langu kila mara."

"Na walifungua?"

Kapiteni alimaliza fundo la buti la kushoto, akaanza la kulia.

"Nenda kwa Mwalimu umuombe aongeze," alisema. "Mi sitasema kitu."

Léocadie akapanda ngazi tena na kudai haki yake. Walibishana hadi Mama Mwantum alipogonga dari kwa ufagio kwamba anataka kufunga duka. Mwalimu Térence akamwongezea nusu alama.