Roho Juu na Picha ya Kifua

Mume wangu watu wanamwita Roho Juu, na jina hilo amelitolea jasho. Tangu filamu ya kwanza aliyoiongoza, ile ya fundi kufuli aliyejifungia ndani na mwizi, mtindo wake ni uleule: mtazamaji ajue mapema, mhusika ajue mwisho. Damu hataki, mayowe hataki. Anakuonyesha mtu mwenye kisu chini ya ngazi, kisha anakuletea mama wa watu anashuka na sinia la chai, anaimba, hana habari. Wewe kwenye kiti unataka kupasuka. Mimi ndiye mhariri wake tangu mwanzo, na kila nikitaka kukata picha ananishika bega: "Mwache ashuke kidogo tena, mama." Nilikuwa nacheka.

Safari hii sikucheka. Tulikuwa tunapiga filamu aliyosema ni ya mwisho. Watu wa bima ya filamu walitaka apimwe afya, akapimwa, akasahau. Akiwa kazini huzima simu na kuwaachia watu namba yangu, kwa hiyo daktari wetu, rafiki yake wa siku nyingi, alinipigia mimi.

"Shemeji, usishtuke," alisema. Mtu akikuanza hivyo, umeshashtuka. "Kwenye picha ya kifua kuna doa kwenye pafu. Nimempelekea bingwa aitazame. Mwambie mzee."

Sikumwambia. Nilijua akisikia atasimamisha kila kitu, na filamu ile alikuwa ameiota miaka. Nikajiambia nitasema bingwa akishajibu.

Kesho yake akawa anamwonyesha mwigizaji namna ya kushuka ngazi. Alibeba sinia mwenyewe, tumbo mbele, anaimba kwa sauti ya kike, watu hoi kwa kicheko. Katikati ya ngazi akasimama, akakohoa, akashika ukuta. "Kikohozi kimenipenda," akasema, akaendelea kushuka. Mimi najua, yeye hajui. Nilitamani kumzaba kibao aliyebuni mtindo huu, na aliyebuni ndiye huyo mwenye sinia.

Nyumbani nako ikawa shida.

"Mbona unaniangalia hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Kama nimeshakufa."

"Kula bwana, chakula kinapoa."

Nikaenda jikoni kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Simu ikaja tukiwa chumba cha uhariri, yeye nyuma yangu ananibishia kuhusu picha ya ngazi. Nikapokea.

"Kovu tu, shemeji," daktari alisema. "Nimonia ya utotoni. Bingwa amelinganisha na picha yake ya zamani, halijabadilika. Mzee mzima kabisa."

"Na kikohozi?"

"Kazini kwake kuna moshi?"

Nikatazama kioo cha kompyuta mbele yangu. Ngazi nzima ilikuwa imemezwa na ule moshi wa mashine tunaoufanya ukungu, na katikati yake mume wangu anaelekeza watu, mdomo wazi. Nikalaza kichwa mezani, nikacheka mpaka mbavu zikaniuma. Kisha nikamweleza yote.

Akaanza kuuliza.

"Siku ile ya sinia, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na jana nilipobeba lile kabati?"

"Nilijua, baba."

Akajishika kifua. Akaomba maji. Roho Juu, aliyewatoa watu jasho maisha yake yote, akawa anaogopa ugonjwa asiokuwa nao. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba hata kumtania sikuweza.

"Ungeniambia," akasema.

"Ungesimamisha filamu."

"Ningesimamisha, ndiyo! Filamu kitu gani?" Akashusha glasi. "Watu wanakuja kuogopa kwangu kwa sababu ukumbi umejaa. Mmoja akishtuka anamshika wa pembeni, wanacheka, wanaona raha. Wewe ulikaa na hofu hii peke yako, na mimi napita mbele yako naimba."

Hapo ndipo machozi yakatoka, yale niliyoyabana tangu simu ya kwanza. Akavuta kiti karibu, akanishika mkono. Tukakaa hivyo, mimi nalia, yeye anamalizia maji yake, mpaka nikachoka kulia.