Kikielea ni Chako

Loise alipokisoma kile kibandiko cha bei mara ya kwanza, alidhani ni namba ya kiwanda. Akakisoma tena, polepole, kwa sauti, kama anasoma somo kanisani. Elfu nne na mia tano. Jaketi moja la kuelea, la mtoto, sponji tu iliyoshonewa kitambaa cha rangi ya chungwa.

"Shemeji, njoo usome wewe," alisema. "Mimi macho yananidanganya."

Philemon, mdogo wa mumewe, alikuja akasoma, kisha akakigeuza kibandiko kuona kama upande wa pili kuna bei ya watu wa kawaida. Upande wa pili ulikuwa mtupu.

Walikuwa wametoka kijijini kwao Chara alfajiri mpaka Malindi kwa ajili ya duka hilo, lililosifiwa kwamba lina kila kitu cha michezo na cha safari za porini. Na kweli lilikuwa nacho. Kulikuwa na mahema ya watu wenye nyumba, fimbo za kuvulia samaki za watu wasio na njaa, na viatu vya kupandia milima katika mji ambao hauna hata kichuguu. Pale mlangoni waliweka bwawa la plastiki lililojaa maji, na ndani yake mtumbwi mdogo wa manjano ukielea bila kazi. Philemon aliuangalia mtumbwi ule, akaangalia bei yake, akarudi nyuma hatua moja. Loise alimwonea huruma, maana kwa bei ile Chara wangechonga mitumbwi ya ukoo mzima na mabaki wakajengea zizi.

Lakini hawakuja kushangaa mitumbwi. Mvua za mwaka uliopita, mto Tana ulipofurika, mtumbwi unaovusha watoto kwenda shule ulipinduka pale kwenye kona ya mto. Philemon ndiye aliyekuwa akipiga kafi. Alitoa watoto watatu. Wa nne, Zachary wa Maurine, alichukuliwa na maji, na mpaka leo mama yake akipita pale hageuzi shingo. Shule haikuhama, mto haukuhama, na mvushaji mwingine hakupatikana, kwa hiyo Philemon aliendelea kuvusha. Akina mama wa kikundi waliuza ndizi na maembe miezi yote hiyo, wakachanga elfu ishirini na nne, wakamkabidhi Loise. Waliambiwa jaketi ni elfu mbili, na watoto wanaovuka ni kumi na wawili. Sasa maji yalikuwa yameanza kupanda tena, na kwa bei ya hapa pesa zile zilitosha watoto watano.

Watano! Loise alijaribu kuwachagua kichwani. Alianza na Joy, binti yake mwenyewe, akaona haya, akaacha.

"Tuwaulize kama wanapunguza," alisema.

Kuuliza nako kulikuwa na kazi yake. Wauzaji walikuwa wawili, kijana na msichana, wamevaa fulana za kijani zilizoandikwa mgongoni kwamba wako tayari kukusaidia. Migongo ndiyo iliyokuwa tayari. Kijana alikuwa akimvisha mtalii kofia, akimzungusha mbele ya kioo kama bibi harusi, na msichana alikuwa kwenye simu. Loise alisalimu, hakuitikiwa. Alisalimu tena. Msichana akasema bila kuinua macho, "Bei ni hiyo hiyo, mama. Hapa hatupatani." Mtu mmoja tu mle ndani alionyesha kuwajali, naye ni askari wa mlangoni, aliyewafuata nyuma kila walikokwenda, akisimama wakisimama.

Philemon ndiye aliyeyaona yale majaketi mengine. Yalining'inia peke yake ukutani, meusi, membamba, yamelala kama mikanda ya begi, hayana sponji wala unene wowote. Kibandiko cha bei hakikuwepo. Kulikuwa na karatasi ya maelezo ya Kiingereza, maandishi madogo kama ya chupa ya dawa.

"Haya lazima yawe rahisi," alisema Philemon. "Angalia, hayana kitu ndani."

"Kama hayana kitu yataelea vipi?"

"Ndiyo tujue."

Aliinua jaketi moja juu, akaita, "Dada, hii ni ngapi?" Akaita mara ya pili, na ya tatu. Msichana akainua kidole, maana yake ngoja. Basi Philemon akafanya jambo ambalo mwanamume yeyote wa Chara angelifanya, na ambalo mtu wa mahali pengine asingeliwaza. Kwao chombo cha maji hakiulizwi maswali kikiwa kikavu. Mtumbwi ukichongwa, hata uwe mzuri namna gani, mnunuzi hatoi shilingi mpaka autie majini kwa mkono wake mwenyewe. Philemon alitembea mpaka kwenye lile bwawa la mlangoni, akainama, akalizamisha jaketi.

PAA!

Ulikuwa mlio kama wa bunduki. Lile jaketi lililolala kama mkanda lilifura ghafla, likawa nene na la manjano, likachomoka mikononi mwake na kuruka juu ya maji. Mtalii alipiga yowe na kofia yake mpya. Mtu fulani akasema "Bomu!", na neno hilo pwani yetu halihitaji kusemwa mara mbili. Watu walilala chini kati ya baiskeli, mahema yakaporomoka, na yule askari aliyekuwa akilinda duka dhidi ya Loise akajificha nyuma ya Loise. Loise mwenyewe alisimama tu, mkono kifuani mahali pesa zilipofungwa, akisubiri kuona damu ya shemeji yake.

Hapakuwa na damu. Palikuwa na Philemon, amelowa mpaka kiunoni, kinywa wazi, na mbele yake lile jaketi likielea kwa raha zake.

Meneja akatoka ofisini mbio. Kitambulisho chake kilisema George. Alipoelewa kilichotokea alipata rangi upya, na sauti pia.

"Hili linajijaza hewa lenyewe likigusa maji. Limeandikwa! Nani aliwaambia mlitie majini? Mtalipa. Elfu ishirini na mbili."

Loise alizibana zile pesa kifuani. Elfu ishirini na mbili kwa mkanda! Aliwaona akina mama wote wa kikundi wamepanga mstari mbele yake, kila mmoja na kikapu chake cha ndizi, wakimuuliza, Loise, ziko wapi?

Aliyesema ni mteja mwingine, mama mnene mwenye buibui, aliyekuwa bado anajipangusa vumbi la sakafuni. Jina lake, kama alivyolitangaza kwa duka zima, ni Kadra, mzaliwa wa Garsen.

"Walipe kwa lipi? Mimi nimesimama hapa tangu saa nne na kiatu kimoja cha mwanangu mkononi, natafuta mtu wa kuniletea cha pili. Wallahi, nusu saa! Huyu mwanamume ameita mara tatu, nimemsikia kwa masikio yangu. Mngemwitikia, angejua."

"Kweli kabisa," alidakia mzee mwenye fimbo ya kuvulia. "Bei zenu za hoteli, huduma yenu ya kichochoroni. Mwezi jana nilinunua taa hapa, ikafa kabla ya betri. Niliporudi nikaambiwa nimeiwasha vibaya. Taa inawashwa vibaya vipi?"

"Na bei ya hili iko wapi?" aliuliza mwingine. "Nionyesheni kibandiko. Mnauza kitu bila bei, halafu mnakitajia bei mkimwona mtu amekwama?"

Ikawa kila mtu na dukuduku lake. Hema lililovuja. Baiskeli iliyouzwa bila kengele, na kengele ikauzwa kando. Yule mtalii naye, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, akasema kofia ile ile aliiona sokoni kwa robo ya bei. Kadra akaweka kile kiatu kimoja juu ya kaunta kwa kishindo. "Kama mama huyu analipa, mimi naondoka." Mzee akaweka fimbo yake kando ya kiatu. Vitu vikaanza kurundikana pale, na meneja akawa anavitazama kama mtu anayeona mafuriko yakiingia jikoni.

Hatimaye akapangusa jasho. "Haya. Haya, jamani. Tuseme ilikuwa ajali. Mama, chukua mtu wako muende."

Loise alitaka kumkumbatia Kadra. Tayari alikuwa anahesabu yale majaketi matano, akisema matano ni afadhali, tutaongeza, Mungu ni mwema. Ndipo Philemon akasema,

"Lakini limeelea."

"Nini?" akauliza meneja.

"Limeelea. Nimelitia majini kwa mkono wangu. Kwetu kikizama ni cha muuzaji, kikielea ni chako. Hili halikuzama." Akalitoa bwawani, maji yakichuruzika, akalishika kwa mikono miwili. "Ni letu. Shemeji, mlipe."

Kadra alimtazama Philemon kama mtu aliyetolewa shimoni, kisha akarudi shimoni mwenyewe kufuata kiatu chake.

"Wewe Philemon una wazimu?" Loise alimvuta kando. "Ametusamehe! Hii si Chara. Huyu hajui hata kama kuna desturi."

"Mimi najua." Hakuwa anabishana, alikuwa karibu kulia. "Shemeji, mimi nabeba watoto wa watu. Siku ile mtumbwi ulipopinduka nililala siku nyingi nikijiuliza nimemdhulumu nani. Sikuona mtu. Leo nikitoka hapa na hila, kesho mto ukinigeuka nitajibu nini?"

Loise alimchukia. Alimchukia kweli, kwa dakika nzima, mbele ya watu wote. Baba yake Loise alikuwa mchonga mitumbwi, na mara nyingi aliona wanunuzi wakisukuma chombo majini, wakikizunguka, kisha wakifungua fundo la pesa bila maneno zaidi. Alijua kwamba shemeji yake amesema kweli, na hilo ndilo lililomkera kuliko yote. Akafungua kitambaa chake, akalipa. Yule msichana wa fulana ya kijani alipokea pesa zile kwa tabasamu, la kwanza tangu asubuhi, akamkaribisha tena.

Pigo la mwisho lilikuwa bado. Meneja, sasa mpole kwa aibu, aliwaeleza kwamba ile chupa ndogo ya gesi ndani ya jaketi hupasuka mara moja tu. Mpya huagizwa Nairobi. Kwa sasa jaketi lao halitajijaza tena lenyewe; lina mrija pembeni, na atakayelitaka lifure itabidi apulize kwa kinywa.

"Yaani tumenunua kibofu," alisema Loise.

Walifika nyumbani Chara usiku.

Asubuhi iliyofuata mto ulikuwa umepanda tena, maji ya kahawia, mazito, yakipita na matawi mazima. Akina mama walikuwa wamejaa ukingoni na watoto wao wenye sare, wakitafuta kwa macho mzigo mkubwa wa rangi ya chungwa. Loise alisimama mbele yao na mkanda mmoja mweusi mkononi, lile jaketi likiwa limetolewa hewa yote. Aliwaambia yote, bila kuficha hata neno la Philemon, na akangoja matusi. Hayakuja. Mama mmoja akakaa chini kwenye tope.

"Moja," alisema mwingine. "Watoto kumi na wawili, jaketi moja. Atavaa nani?"

"Mdogo kuliko wote," alijibu mmoja.

"Wangu hajui kuogelea!"

"Na wangu je?"

Sauti zikapanda. Loise alimwona Joy akijificha nyuma ya gauni lake. Philemon alikuwa kando, ameinamia mtumbwi, anakomba maji ambayo hayakuwepo.

Maurine akaja mbele. Hakuwa na mtoto wa kuvusha tena. Alikuwa amekuja tu, kama alivyokuja kila mkutano wa kikundi, akachanga kama wengine, na hakuna aliyewahi kuthubutu kumwuliza anamchangia nani. Alilichukua jaketi mikononi mwa Loise. Akautafuta ule mrija, akautia kinywani, akapuliza. Alipuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama, akapumzika, akapuliza tena, na watu wote wakawa wanamtazama yule mama akijaza kitu kile pumzi yake. Kilipokuwa kimefura kabisa alitembea moja kwa moja mpaka kwenye mtumbwi.

"Simama," alimwambia Philemon.

Philemon alisimama. Alipoelewa alirudi nyuma, karibu aanguke mtoni. "Hapana. Mama Zachary, hapana. Mpe mtoto. Mimi ndiye niliyepoteza pesa. Mimi sistahili."

"Sijakuuliza unastahili nini." Alimwingizia jaketi kichwani kama anamvisha mtoto sare. "Wangu ulimshika. Niliona nikiwa pale ukingoni, wewe hukujua. Ulimshika mpaka wewe mwenyewe ukawa unazama, ndipo mkono ukafunguka. Ungekuwa unaelea, usingemwachia."

Mwaka mzima Loise aliishi na watu hawa wawili kijiji kimoja, na hakujua kwamba Maurine aliona. Philemon alijifunika uso kwa mikono, akalia kwa sauti mbele ya watoto, mwanamume mzima aliyevaa kitu cha manjano kilichofura mpaka masikioni. Maurine alimfunga kamba zote, moja moja, akazivuta kujaribu uimara.

Kisha akawaita watoto. Waliingia mtumbwini mmoja mmoja, na kila mmoja, kabla ya kukaa, Maurine alimshika mkono akamwonyesha mahali pa kushika kwenye zile kamba za jaketi la Philemon, mtumbwi ukipinduka.