Dakika Tatu za Turbo

Mwezi wa pili wa mwaka 1976, lori la fundi Ezironi la kuvutia magari mabovu lilishindwa katikati ya mlima wa Kichwamba, huku nyuma yake limefungwa lori jingine lililojaa pamba. Injini ilikohoa, ikalegea, kisha magari yote mawili yakaanza kurudi nyuma. Baluku, dereva, ambaye pia ni mkwe wa Ezironi, alikata usukani akayaegemeza kwenye ukingo wa udongo. Hakuumia mtu. Lakini habari ilimtangulia kufika mjini Kasese, na njiani ilikuwa imenenepa: Baluku amekufa; Baluku amekatika miguu; Baluku yuko korongoni anaomba maji.

Ithungu, binti wa Ezironi na mke wa Baluku, alizisikia habari zote tatu akiwa sokoni na tumbo lake la miezi sita. Mumewe alipoingia nyumbani mzima, tope mpaka masikioni, hakulia wala hakumkumbatia. Alijifunga kitenge, akaenda moja kwa moja gereji kwa baba yake.

"Baba," alisema, hata salamu hakutoa, "ama patia hii gari nguvu, ama toa bwana yangu ndani yake. Mimi sitaki kulea mtoto na picha ya ukutani."

Ezironi alifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Nimesikia," alisema. "Nitaipatia nguvu. Baluku hatapatwa na kitu."

Na alimaanisha. Mtu asije akasema baadaye kwamba mzee yule hakumpenda mkwe wake. Alimpenda kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Sasa, Ezironi alikuwa mtu wa majivuno, tusifiche. Dizeli ilipoadimika, foleni kwenye pampu zikawa za siku mbili na mtu akirudi na dramu moja anapigiwa vigelegele, yeye ndiye aliyewafundisha madereva wa Kasese kuishi. Amri zake zilikuwa mbili. Ya kwanza: gari likisimama, zima. Ya pili ndiyo iliyompa jina: ukifika kileleni, tia gia huru, vuta waya wa kuzimia injini, uliache gari literemke kwa uzito wake mpaka bondeni. Wenyewe waliiita fri. Ni kazi ya kichaa, na upepo wa breki lazima uuhesabu kama mtu anayehesabu risasi za mwisho, lakini iliokoa dizeli, na Baluku aliiweza kuliko wote. Mwanafunzi alimpita mwalimu, na mwalimu alifurahi.

Wiki iliyofuata Ezironi alikwenda Bwera kwa Jean-de-Dieu, Mkongo kutoka Butembo aliyeuza vipuri pale karibu na mpaka. Jean-de-Dieu alikuwa mtu wa misa ya kila asubuhi na wa bei za kumtoa mtu machozi ifikapo saa nne. Alitandika gunia chini, akaweka juu yake turbo mbili, zile mashine za chuma zilizojikunja mfano wa konokono, zinazozungushwa na moshi wa eksozi ili zisukume hewa nyingi ndani ya injini.

"Hii kubwa ilitoka ku jenereta," alisema. "Iko na nguvu mingi sana, Muzee. Lakini inachelewa kuamuka. Hii ndogo ilikuwa ku camion, lori ya kawaida. Nguvu yake ni ya katikati, lakini inaamuka mbio."

Ezironi alichuchumaa. Akaingiza kidole katika ile kubwa, akaizungusha, akasikiliza. Kisha ndogo. Akaishika ncha ya shafti, akaitikisa juu na chini kuona kama imelegea. Watu wawili watatu walikuwa wameshakusanyika, na wote, bila kuulizwa, walimshauri achukue kubwa. Mtu ananunuaje ndogo wakati kubwa ipo?

Yeye aliwaza mlima. Aliwaza Baluku akianza kupanda na tani saba nyuma yake, injini ikizunguka polepole, mguu umekanyaga mpaka mwisho. Hiyo kubwa ingekuja kuamka wakati gari limeshaanza kurudi nyuma. Nguvu inayochelewa kuja ni ya kusindikiza maiti tu.

"Nipe hii ndogo," alisema.

Jean-de-Dieu alitabasamu, maana alijua sasa anauzia fundi. "Umechagua muzuri. Lakini sikia, turbo haiko jiwe. Inakunywa oili ya injini, na iko moto kama jiko. Ukisimama, usizime moto mara moja. Acha injini inguruma dakika tatu, oili ipoze ile shafti. Dakika tatu, Muzee. Ukizima mbio, inajikula."

Dakika tatu za kuchoma dizeli bure! Neno hilo lilimwingia Ezironi kama mwiba. Lakini alikuwa ameahidi. Aliporudi alifanya kazi siku nne: akakata eksozi na kuichomelea upya, akatengeneza mrija wa oili kutoka bomba la breki, akafunga. Kisha akamwita Baluku mbele ya gereji yote, akavunja amri yake ya kwanza kwa mdomo wake mwenyewe.

"Kuanzia leo, hii gari ikisimama, usizime. Hesabu dakika tatu. Unasikia?"

"Ndiyo, baba," alisema Baluku.

Baluku akisema ndiyo, imekwisha. Alinunua saa ya mkono ya mtumba kwa ajili ya dakika hizo. Siku moja kwenye kizuizi cha Katunguru askari alimpigia kelele, "Zima injini!" Baluku akamjibu kwa adabu zote, "Afande, naomba dakika tatu." Alipata kofi lililomzibua masikio, lakini alizihesabu. Alirudi akaisimulia gereji huku akicheka na shavu limevimba, na Ezironi alilazimika kwenda nyuma ya gereji kujifanya anatafuta spana, kwa jinsi moyo ulivyomjaa.

Na gari lilivuta, jamani. Lilivuta shaba, lilivuta pamba, lilivuta basi zima lililojaa abiria waliokataa kushuka. Ithungu alianza tena kulala mchana. Wiki saba zilipita hivyo.

Katika wiki ya saba Baluku alisema jambo dogo, akiwa anaosha mikono. "Baba, oili inapungua. Na moshi imekuwa na rangi ya bluu kidogo."

"Ongeza oili," alisema Ezironi.

Ijumaa yake, siku ya soko, Ezironi alipanda gari la alfajiri kwenda Bwera kumshukuru Jean-de-Dieu, na samaki wawili wakavu kutoka Kasenyi mkononi. Mkongo alifurahi, akamkaribisha chai. Walizungumza habari za gari, na Ezironi, kama kawaida yake, akaanza kujisifu.

"Dakika tatu anazishika kama amri ya kanisa," alisema. "Na dizeli tunaiokoa kwa njia nyingine. Akifika juu ya mlima anazima, anaiachia fri mpaka chini."

Jean-de-Dieu aliweka kikombe chini. "Anazima wapi?"

"Juu. Kileleni."

"Muzee Ezironi! Pale njo turbo iko moto kupita mahali yote! Inatoka kuvuta mulima, unaikatia oili? Nilikuambia!"

"Uliniambia kusimama. Fri si kusimama. Gari inatembea."

"Gari inatembea, injini imekufa. Kwa turbo ni kitu moja tu." Alimtazama. "Inafanya wiki ngapi? Saba? Na inakula oili?"

Ezironi alikumbuka ule moshi. Alitikisa kichwa kukubali.

"Basi imeanza kuvuja. Oili itaingia ndani na hewa, injini itaikunywa badala ya mazout, ile dizeli, na siku moja itakimbia yenyewe. Utavuta ile waya ya kuzimia, haitasikia. Ambia kijana leo. Leo, Muzee, si kesho."

Njia nzima ya kurudi Ezironi alikuwa na sentensi moja mdomoni ya kumwambia Baluku, akiigeuza na kuigeuza. Hakuona ziwa wala milima. Kosa lilikuwa lake. Yeye ndiye fundi. Yeye ndiye aliyepaswa kujua kwamba chuma hakijali kama tairi zinazunguka au la. Miaka yote ya kusifiwa, na kumbe ile sifa yenyewe ndiyo iliyokuwa inakula shafti ya gari analoendesha mume wa binti yake.

Alifika gereji saa saba mchana. Baluku alikuwa chini ya gari, anafunga mnyororo kwenye lori la dereva mmoja aitwaye Yeseri. Gia-boksi ya lori hilo ilikuwa imekufa, lakini injini ilikuwa inawaka na breki zinashika, na mzigo wake ulitakiwa Mbarara. Madereva wanne walikuwa wamekaa juu ya tairi wakiangalia.

"Huyu ndiye baba wa fri!" Yeseri alipaza sauti alipomwona. "Mzee, leo mkwe wako ataniteremsha bila tone la dizeli. Tuna dramu moja tu kwenda na kurudi."

Wote wakacheka na kumshangilia. Ezironi alisimama. Dramu moja. Bila fri, dramu moja haitoshi, na safari ingevunjika. Na angesema nini mbele ya watu hawa? Kwamba amewadanganya miaka yote? Alifungua mdomo. Akawaza: safari moja tu. Imekwenda wiki saba, itashindwa siku moja? Akirudi Jumapili nitamwambia tukiwa wawili.

"Enda pole pole," alisema.

"Ndiyo, baba," alisema Baluku kutoka chini ya gari.

Yaliyofuata Yeseri ndiye aliyekuja kuyasimulia, shati lake lina damu isiyo yake. Walipanda Kichwamba vizuri, jua likiwa bado juu. Kileleni Baluku alitia gia huru, akavuta waya. Injini haikuzima. Ilipiga ukelele, ikapanda, ikapanda tena, mpaka boneti likawa linatetemeka na moshi wa bluu ukafunika barabara. Baluku alivuta breki ya mkono, Yeseri naye akakanyaga za kwake, magari yakasimama. "Nilimwambia kimbia, itapasuka!" alisema Yeseri. "Akakimbia kweli. Halafu akageuka, akarudi."

Alirudi, akafungua boneti, akang'oa mpira wa kuingizia hewa, akashindilia gunia ndani ya mdomo wa turbo kwa mkono wa kulia. Injini ikakosa hewa, ikafa. Gunia lilikwenda ndani, na vidole vinne vilikwenda nalo.

"Lakini injini ni nzima, Mzee," Yeseri alimalizia, kama mtu anayeleta zawadi.

Jumatatu Ezironi alipanda Kilembe, hospitalini. Mto Nyamwamba ulikuwa unanguruma nje, na kila mlio wake ulimfanya ashtuke. Baluku alikuwa amelala, mkono umefungwa bandeji mpaka kiwiko. Ithungu alikuwa amekaa pembeni akimlisha uji. Baluku alipomwona baba mkwe wake alijaribu kuinuka kwa heshima, Ithungu akamrudisha chini kwa kiganja.

"Baba, gari iko salama?" aliuliza Baluku.

"Iko."

"Nilisema nisikuache bila gari. Naomba unisamehe. Dakika tatu nilihesabu kila mahali. Sijui nilikosea wapi."

Hapo ndipo Ezironi angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua, maana Bwera ni mbali na Jean-de-Dieu si mtu wa kuja Kilembe. Aliliona hilo waziwazi, na lilimtia aibu kuliko kosa lenyewe.

"Hukukosea," alisema. "Fri ndiyo iliikula. Kule juu ya mlima ilikuwa inataka oili, na mimi ndiye nilikufundisha kuzima. Mkongo aliniambia. Ijumaa."

Kijiko cha Ithungu kilisimama hewani.

"Ijumaa saa ngapi?" aliuliza.

Ezironi alitazama sakafu. Alitamani sana kusema jioni.

"Mchana," alisema. "Alikuwa bado anafunga mnyororo."

Ithungu alirudisha kijiko bakulini, akaliweka bakuli chini, akasogeza kiti chake mpaka mgongo wake ukawa kati ya baba yake na kitanda. Kwa nyuma ya bega lake Ezironi aliweza kumwona Baluku. Alikuwa anauvuta ule mkono uliofungwa, polepole, kwa mkono mzima, anauingiza chini ya blanketi ili baba mkwe wake asiendelee kuutazama.

"Ndiyo, baba," alisema Baluku.